Laptopu Haioni Waifai: Kwanza Jua Ni Kutoona Kupi

"Waifai haishiki" ni malalamiko yanayobeba mambo mengi. Kuna laptopu inayouona mtandao vizuri, ukaandika nywila, ikagoma kuingia. Kuna nyingine imeshaingia, alama zimejaa zote, ila hakuna ukurasa unaofunguka kwa sababu bando limekwisha au ruta yenyewe haina intaneti. Hizo mbili tuziache. Hapa tunashughulika na ile ambayo unabonyeza alama ya waifai upate orodha ya mitandao, na orodha haiji, au inakuja lakini mtandao wako haumo.

Hata huko kutoona kuna sura tatu, na kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza, kitufe chenyewe cha waifai kimetoweka: ukienda kona ya chini kulia unakuta alama ya dunia tu, hakuna hata pa kuwashia waifai. Ya pili, kitufe kipo na ukikibonyeza kinawaka, ila orodha ni tupu. Ya tatu, orodha imejaa mitandao ya majirani, wako ndio haumo. Wengi hukimbilia kupiga Windows upya kabla ya kujua wako kwenye sura ipi. Kwenye sura ya tatu utapiga Windows mpaka uchoke na hali itabaki vilevile, kwa kuwa mara nyingi tatizo limekaa kwenye ruta au kwenye uwezo wa kadi ya waifai (kifaa cha ndani kinachopokea mawimbi), siyo kwenye Windows.

Nitafuata Windows 10 na 11, maana ndizo zilizoko kwenye laptopu nyingi za mitumba zinazoingia Afrika Mashariki: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad na ndugu zao. Ni mashine imara, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na baadhi ya tabia zake za kiofisi ndizo zinazowasumbua watu nyumbani.

Vipimo viwili vya kuanzia

Chukua simu, simama pale pale laptopu ilipo, uangalie kama simu inauona mtandao. Isipouona, iache laptopu, nenda kwenye ruta. Ikiuona, washa hotspoti ya simu hiyo na uweke bendi yake, yaani masafa inayorushia, kwenye GHz 2.4. Kwenye simu nyingi za Android utaikuta ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna swichi iitwayo Maximize Compatibility, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo. Sasa tazama laptopu. Ikiiona hotspoti, basi kadi yako ni nzima, draiva yako (programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi) inafanya kazi, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mitandao ya majirani. Kipimo hiki kimoja huokoa saa nyingi za kufungua na kufunga vitu visivyo na kosa.

Kipimo cha pili kinaonekana cha kitoto, lakini kina ujanja wake. Mazungumzo ya kaunta ya fundi huenda hivi:

"Fundi, waifai imepotea tangu juzi."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha, dada?"

"Mbona naizima kila usiku."

Kuizima kila usiku hakusaidii. Kuanzia Windows 8, ukichagua Shut down mashine haizimiki kabisa: hali ya moyo wa mfumo, pamoja na draiva zake, huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi ili iwake haraka. Draiva iliyoganda jana hurudi ikiwa imeganda vilevile. Anayefuta hali hiyo na kuanza upya ni Restart. Kwa hiyo chagua Restart, usichague Shut down, kisha utazame tena.

Iulize Windows yenyewe

Kama bado, usianze kubahatisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, halafu kwenye dirisha jeusi andika:

netsh wlan show interfaces

Jibu litakaloletwa ndilo ramani yako. Ukiambiwa "There is no wireless interface on the system", Windows haina habari kuwa kuna kadi ya waifai humo ndani. Ukiambiwa "The Wireless AutoConfig Service (wlansvc) is not running", kadi haijashtakiwa bado. Huduma inayoiendesha ndiyo imezimwa. Zikija habari ndefu, jina la kadi likiwemo, tafuta mstari wa Radio status. Utaona maneno mawili-mawili: Hardware On au Off, Software On au Off. Windows 11 toleo la 24H2 inaweza kukugomea ikidai ruhusa ya mahali ulipo. Iwashe kwenye mipangilio ya faragha, urudie amri.

Software Off ni jambo dogo: hali ya ndegeni imewashwa, au kitufe cha waifai kimezimwa kwenye mipangilio. Kiwashe, umemaliza.

Hardware Off ndiyo inayowapoteza watu, kwa sababu kwenye skrini hakuna pa kuirekebishia. Kuna swichi mahali fulani kwenye mwili wa laptopu. Latitude za zamani kama E6420 na ThinkPad za umri huo zina swichi ndogo ya kusogeza ukingoni, na mtu huisukuma bila kujua anapoitoa mashine kwenye begi. Toshiba nyingi za zamani zinayo upande wa mbele. EliteBook za miaka ile zina kitufe chenye taa juu ya kibodi. Taa ikiwa ya rangi ya chungwa, redio imezimwa. Mashine za karibuni zimeihamishia kwenye moja ya vitufe vya F1 hadi F12, tafuta chenye picha ya antena au ndege, ukibonyeze peke yake au pamoja na Fn.

Kuna mtego hapa kwa waliopiga Windows mpya. Kitufe hicho kwenye HP nyingi kina draiva yake, HP Wireless Button Driver, tofauti kabisa na draiva ya kadi. Isipokuwepo, kitufe hakijibu, na mashine inaweza kunasa kwenye hali ya ndegeni huku wewe ukiilaumu kadi.

Mambo ya BIOS

Ikiwa swichi iko sawa na bado Hardware ni Off, au kadi haionekani kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, iliyo nje ya Windows) wakati mashine inawaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta sehemu yenye neno Wireless uhakikishe kadi haijafungwa. Kampuni nyingine hufunga waifai kwa sababu za usalama, na laptopu ikiuzwa mnadani huuzwa na kufuli lake. BIOS ikikudai nywila usiyoijua, mrudishie aliyekuuzia. Hiyo ni kazi yake.

Ukiwa humo tazama pia ukurasa wa taarifa za mashine. Latitude, kwa mfano, huandika jina la kadi ya waifai iliyomo. Ikiwa BIOS yenyewe inasema hakuna kadi, usipoteze muda na Windows hata kidogo. Ama kadi imekaa vibaya, ama imekufa, ama ilishachomolewa kabla laptopu haijafika dukani. Hilo la mwisho hutokea kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna ile tabia ya kiofisi niliyoigusa mwanzo. HP za biashara zina mpangilio wa LAN/WLAN Auto Switching, na Dell wana wao ndani ya Wireless Radio Control. Ukiwashwa, mashine ikichomekwa kebo ya mtandao huizima waifai yenyewe; ukichomoa kebo, waifai inarudi. Dalili yake: ofisini hakuna waifai, nyumbani ipo, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Kama unatumia kebo na waifai kwa pamoja, uondoe.

Huduma iliyozimwa

Ukiwa ulipata lile jibu la wlansvc, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta WLAN AutoConfig, ifungue, iweke Automatic, ubonyeze Start. Ikikubali, imeisha. Ikigoma kwa kosa namba 1068, kuna huduma nyingine ambayo WLAN AutoConfig huitegemea, na hiyo nayo imezimwa. Hali hii hukutwa sana kwenye Windows zile "zilizopunguzwa" zinazogawiwa kwa flashi ili ziwe nyepesi: aliyezipunguza aliamua kwa niaba yako kwamba huduma fulani si muhimu. Hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana, ila iwe Windows kamili.

Mabaki ya VPN (programu za kupitisha intaneti kwa njia ya siri) na antivairasi za zamani huweza kuziba njia pia. Mwaka 2015, watu walipopandisha mashine kwenda Windows 10, wengi walipoteza waifai kwa sababu ya vipande vya VPN visivyoendana na mfumo mpya, hadi Microsoft ikatoa maelekezo ya kuviondoa. Kama ulikuwa na VPN ya kazini, iondoe kabisa, piga Restart, ujaribu tena kabla hujaendelea.

Draiva

Windows na R, andika devmgmt.msc. Fungua Network adapters utafute jina lenye Wireless, Wi-Fi au 802.11. Kama lipo na lina kishale kidogo cha kuelekea chini, kadi imezimwa humo humo. Bofya kulia, Enable. Kama lina pembetatu ya njano, lifungue usome namba. Code 10 ni kifaa kilichoshindwa kuanza. Code 43 ni kifaa kilichotoa taarifa ya hitilafu, Windows ikakisimamisha. Code 45 utaiona ukiwasha Show hidden devices kwenye menyu ya View, jina likiwa limefifia: maana yake kadi iliwahi kuwepo, sasa haipo. Hiyo inakupeleka kwenye bisibisi.

Lakini ukikuta chini ya Other devices kitu kinachoitwa Network Controller chenye alama ya njano, furahi. Kadi ipo, ina umeme, inajitambulisha. Kinachokosekana ni draiva tu. Bofya kulia, Properties, kichupo cha Details, kisha kwenye orodha ya kushuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ ukifuatwa na herufi na tarakimu nne. 8086 ni Intel. 10EC ni Realtek. 14E4 ni Broadcom. 168C ni Qualcomm Atheros. 14C3 ni MediaTek. Zile nne zinazofuata neno DEV_ ndizo modeli. Nakili VEN na DEV, uzitafute mtandaoni kwa simu, utajua kadi yako kwa jina hata kama hujawahi kufungua mfuniko.

Draiva ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa chini ya mashine, au kwa mtengenezaji wa kadi kama ni Intel. Zile programu zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mpigo sizipendekezi: hukuletea draiva moja unayoihitaji pamoja na takataka tano ambazo hukuomba.

Utapakuaje bila waifai? Chomeka simu kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu itaichukulia simu kama mtandao wa kebo. Ila chunga bando. Windows ikipata intaneti baada ya siku kadhaa za ukame huanza kupakua masasisho yake kimyakimya, na kwa kuwa inadhani iko kwenye kebo haina huruma. Mara tu unapounganisha, fungua mtandao huo kwenye mipangilio uwashe Metered connection, ndipo uende kutafuta draiva.

Kama shida ilianza mara baada ya sasisho, fanya kinyume: Properties, kichupo cha Driver, Roll Back Driver. Na kama waifai hupotea kila laptopu inapoamka kutoka usingizini, nenda kichupo cha Power Management uondoe tiki inayoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme.

Kadi iliyoganda

Kuna hali ambayo kadi ni nzima, draiva ni sahihi, lakini baada ya usingizi au baada ya chaji kuisha ghafla, kadi inapotea hata ukipiga Restart. Kadi za Intel za kizazi cha AX200 na AX201 zinajulikana kwa Code 10 ya namna hii. Dawa ni kuimaliza umeme wote. Zima laptopu huku ukishikilia Shift unapobonyeza Shut down, ili izimike kikweli. Chomoa chaja. Betri ikiwa ya kutoka, itoe. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, achia, rudisha umeme, uwashe. ThinkPad zenye betri ya ndani zina chaguo kwenye BIOS la kuikata betri kwa muda, na hilo ndilo bora zaidi.

Bluetooth ni shahidi mzuri hapa. Kwenye laptopu nyingi, waifai na Bluetooth zinakaa kwenye kadi moja, lakini zinaongea na ubao kwa njia mbili tofauti: waifai kwa PCIe, Bluetooth kwa USB. Zikipotea zote mbili kwa pamoja, shuku kadi, soketi yake au BIOS. Bluetooth ikiwa hai na waifai haipo, kadi bado inapata umeme, kwa hiyo anza na draiva.

Inaona ya majirani, yako haioni

Hii ndiyo sura inayotatizwa zaidi na ushauri mbaya, kwa sababu mtu akiona mitandao ishirini ya watu wengine na wake haumo, huamini laptopu imemchukia.

Anza na bendi. Waifai hurushwa kwenye GHz 2.4 na GHz 5, na sasa pia GHz 6. Kadi ya bendi moja haioni chochote cha GHz 5, hata ukiiweka juu ya ruta. Andika:

netsh wlan show drivers

Tazama mstari wa Radio types supported. Ukiona 802.11b, g na n peke yake, kadi yako karibu kwa hakika ni ya 2.4 tu. Ukiona 802.11a, ac au ax, GHz 5 inaiweza. Realtek RTL8723BE, Broadcom BCM4313 na Atheros AR9285 ni za bendi moja, na zimejaa kwenye laptopu za bei nafuu za muongo uliopita. Ruta za mfukoni nyingi hurusha bendi moja kwa wakati, na aliyeigeuza kwenda GHz 5 ili simu yake iende kasi ameifuta machoni pa laptopu yako. Irudishe 2.4, au kama ruta inaweza zote mbili, ziwashe zote. GHz 6 nayo inataka kadi ya Wi-Fi 6E au zaidi pamoja na Windows 11. Kwenye Windows 10 usiitarajie.

Sasa njoo kwenye kisa ninachokiona kuwa ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, na kinatuhusu sisi tunaotumia laptopu za mitumba. Bendi ya 2.4 imegawanywa katika chaneli. Sehemu kubwa ya dunia huruhusu chaneli 1 hadi 13. Marekani vifaa kwa kawaida huishia chaneli 11. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi huwa na kadi isiyosikiliza kabisa chaneli 12 na 13. Ruta yako, ambayo haikutengenezwa kwa Marekani, imewekwa kujichagulia chaneli yenyewe. Siku ikichagua 4, laptopu inaona. Umeme ukakatika, ruta ikawaka upya, ikakuta chaneli za chini zimejaa, ikahamia 13: mtandao umetoweka kwenye laptopu, simu zote zinaendelea kama kawaida. Mwenye nyumba anawasha na kuzima ruta, mtandao unarudi, anasema ruta ina maluweluwe. Ruta haina kosa.

Ukiona mtandao unaokuja na kuondoka kwa mtindo huo, shuku chaneli kabla ya kushuku kitu kingine. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari cha simu; anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Kwenye mipangilio ya waifai ya 2.4, toa chaneli kwenye kujichagulia uweke 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana ndizo za kuchagua. Kama ruta si yako, ni ya ofisi au ya mwenye nyumba, mwombe yeye abadilishe. Ni kazi ya dakika chache na haimharibii mtu mwingine kitu.

Cha tatu ni ruta mpya. Umenunua ruta ya Wi-Fi 6, simu zote zinaiona, televisheni inaiona, laptopu moja tu yenye kadi ya Intel ya zamani kidogo, tuseme ya familia ya 7265 au 8260, haioni hata jina. Draiva za Intel za zamani zina kasoro inayojulikana: mtandao unaojitangaza kwa 802.11ax (jina la kiufundi la Wi-Fi 6) haziutambui, kwa hiyo hauingii kwenye orodha. Kadi yenyewe haina shida na ikipewa draiva mpya kutoka Intel itauona na kuutumia kwa kasi yake ya zamani. Ukihitaji mtandao sasa hivi, zima 802.11ax kwenye ruta kwa muda, unganisha, pakua draiva, uiwashe tena.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Mtandao uliofichwa jina hautaonekana kwa jina lake; itakubidi uuongeze kwa mkono ukiandika jina herufi kwa herufi, kubwa na ndogo kama zilivyo. Ruta za GHz 5 zikitumia chaneli zinazogawana na rada hulazimika kusikiliza kwa dakika nzima kabla ya kuanza kurusha, kwa hiyo baada ya umeme kurudi usihukumu papo hapo. Na diski ya nje ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye eneo la GHz 2.4, jambo ambalo Intel wenyewe waliliandikia mwaka 2012. Kama mtandao hufifia au hupotea ukichomeka diski, ihamishie upande wa pili wa mashine au tumia waya mrefu zaidi.

Inaona ikiwa karibu na ruta tu

Ukisogea sebuleni mitandao inajaa, ukirudi chumbani hakuna kitu, na simu chumbani humo humo inashika vizuri: antena. Zaidi ya hayo, kama laptopu ilifunguliwa hivi karibuni kuongezwa RAM, kubadilishwa skrini au kukarabatiwa bawaba, sina haja ya kuuliza zaidi.

Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa chochote chomoa kiunganishi cha betri. Tafuta kadi ndogo yenye waya mbili nyembamba zinazoishia juu yake, kwa kawaida mmoja mweusi na mwingine mweupe au kijivu. Kila waya una kifuniko cha duara cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachokaa juu ya kitufe kidogo kwenye kadi. Waya ukiwa unaning'inia pembeni, umeshapata jibu. Kuurudisha kunataka utulivu: weka duara sawasawa juu ya kitufe, usilipindishe, kisha bonyeza wima kwa kucha mpaka usikie umejibana. Ukilazimisha ukiwa umeinama utakivunja kitufe, na hapo kadi ndiyo imekwisha. Kadi huwa na alama za 1 na 2 au pembetatu nyeusi na nyeupe, ufuate hizo.

Waya zikiwa zimekaa vizuri, zifuate kwa macho zinakoelekea. Hupita kwenye bawaba kwenda juu ya skrini, na bawaba iliyovunjika huzikata kidogo kidogo ndani ya ganda mpaka zinyamaze kabisa. Hapo unabadilisha waya, kadi haihusiki.

Mac na Linux, kwa kifupi

Kwenye MacBook, ukikuta maneno "Wi-Fi: No hardware installed" kwenye menyu ya juu, mashine haioni kadi yake, ni kazi ya vifaa, mara nyingi waya au kadi. Kwenye Linux anza na rfkill list. Soft blocked utaifungua kwa sudo rfkill unblock all. Hard blocked ni ile ile swichi ya mwilini au BIOS. Kadi nyingi za Broadcom zinataka draiva yao ya pembeni, na Secure Boot (kinga ya BIOS inayokataa programu zisizosajiliwa) ikiwa imewashwa huikataa mpaka uisajili.

Ukiamua kubadilisha kadi

Pima kwanza soketi. Laptopu za zamani hutumia nusu mini PCIe, za miaka ya karibuni hutumia M.2 ya ukubwa wa 2230, na viunganishi vya antena vya M.2 ni vidogo zaidi, kwa hiyo waya wa mashine ya zamani haukai kwenye kadi mpya. Halafu soma jina la kadi mpaka tarakimu ya mwisho. AX200 na AX210 ni kadi kamili, zinakaa karibu popote penye M.2 ya waifai, hata kwenye mashine za AMD. AX201, AX211 na 9560 zinafanana nazo kwa sura na zinaingia kwenye soketi ile ile, lakini ni nusu kadi: nusu yake nyingine iko ndani ya chipu za Intel za kizazi fulani. Ukiziweka kwenye mashine isiyo na nusu hiyo, hazitaonekana kabisa. Na hizo za AX zote zinataka Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi.

HP na ThinkPad za zamani zina jambo jingine la kukera: BIOS yake ina orodha ya kadi zinazokubalika. Ukiweka isiyomo, HP hukuletea ujumbe wa 104 unaosema kadi haiungwi mkono, na ThinkPad hukuletea 1802 na kukataa kuwaka mpaka uitoe. Kabla ya kulipa, tafuta namba ya kipuri kwa modeli yako.

Asiyetaka kufungua mashine anaweza kununua kadi ya USB. Zile ndogo kama ukucha zilizoandikwa 150 Mbps kwa kawaida ni za GHz 2.4 peke yake. Ukitaka na GHz 5, tafuta iliyoandikwa AC600 au zaidi. Baadhi zikichomekwa mara ya kwanza hujitokeza kama diski ya CD yenye draiva ndani yake. Fungua hiyo diski, sakinisha, kisha ichomoe na kuichomeka tena. Ikishafanya kazi, rudi devmgmt.msc uizime kadi ya ndani kwa Disable, ili Windows isiwe na waifai mbili zinazogombania mtandao mmoja.